Kaka, kuhusu lile swali lako la udiwani

Kaka yangu,

Mfikishie mama shikamoo zangu, na we mwenyewe za masiku. Voisi noti yako niliipata nikiwa kazini, nikaisikiliza nusu nikakatishwa, usiku nikairudia mara mbili nikiwa kitandani. Umesema wazee wamekuja mpaka shambani wakakukuta una bomba mgongoni unapiga dawa viazi, wakakwambia safari hii gombea udiwani, we ukawajibu mnipe muda, alafu ukaniuliza mimi eti mtu anaweza kushika jembe na uongozi kwa pamoja au lazima kimoja kife. Nimekaa na hilo swali wiki nzima. Ningeweza kukupigia tu tukaongea lakini nimeona nikuandikie, maana huku nnakoishi kuna mtu ambae maisha yake yote ni hilo swali lako, na mimi nimemfatilia miaka sasa.

Anaitwa Jon Tester. Wewe labda umemsikia kama seneta wa taifa kule Washington, aliyekaa huko miaka 18 mpaka Januari 2025, lakini mi sitaki kuanzia huko, kwangu mimi kipande cha maana ni kile cha kabla, alipokua kwenye bunge la jimbo hapa Montana, Marekani. Si unajua huku kila jimbo lina bunge lake, lina seneti yake, linatunga sheria zake za shule, maji, umeme, barabara. Huko ndo alikoanzia, na ndo panapofanana na hayo mambo yako.

Kijiji chake kinaitwa Big Sandy, kutoka hapa Great Falls ni kama saa moja na nusu kwa gari ukiwa unaelekea mji wa Havre. Mi napita pale mara kwa mara. Kaka, ni kadogo, watu kama mia sita hivi, unaanza kuona maghala marefu ya nafaka yamesimama kando ya reli ukiwa bado mbali sana, kwa sababu nchi ni tambarare tupu, ngano upande huu ngano upande ule, na kulia kwako kwa mbali milima ya Bears Paw. Mvua ni chache, hakuna mifereji, ukipanda unaangalia juu. Babu yake alipata hiyo ardhi mwaka 1912, enzi serikali inawagawia watu ardhi ukilima na kukaa inakua yako (ingawa kabla ya hapo ilikua ya watu wengine, Wahindi Wekundu, na wenyewe wapo mpaka leo, hifadhi yao ya Rocky Boy haiko mbali na hapo). Shamba lina heka kama 1,800. Najua kwetu ukimwambia mtu heka 1,800 anaona huyo ni bilionea, lakini kwa kilimo cha nchi kavu kama hii mwenye heka hizo anahesabiwa mkulima wa kawaida kabisa, mkewe anaendesha kombaini na yeye anaendesha lori.

Sasa kitu cha kwanza utakachokiona kwake ni mkono wa kushoto. Vidole vitatu vya katikati havipo. Wazazi wake walikua na bucha hapo hapo shambani, na akiwa na miaka 9 mkono ukaingia kwenye mashine ya kusaga nyama. Fikiria mtoto wa miaka 9, huko porini, hospitali ya maana iko mbali. Alikua anataka kupiga saksafoni, kwa mkono ule haiwezekani, akapewa tarumbeta maana tarumbeta unabonyeza kwa mkono wa kulia, na akaipiga mpaka akaenda chuo hapa Great Falls kusoma muziki, akamaliza 1978, akarudi Big Sandy akafundisha muziki shule ya msingi miaka miwili na shamba akalichukua mikononi mwake yeye na mkewe. Na ile bucha iliyomla vidole akaendelea kuifanyia kazi. Mi hapo ndo huwa nasimama. Mtu mwingine angeuza ile mashine kama chuma chakavu.

Miaka ya 1980 wakaacha mbolea na dawa za viwandani wakaingia kwenye kilimo hai, wakati huo majirani wengi wanaona ni kitu cha ajabu. Ngano, shayiri, dengu, njegere, wanabadilisha badilisha mazao ili udongo upumzike. Wakati huo huo akawa kwenye bodi ya shule ya kijiji karibu miaka kumi, na akakaa kwenye kamati za wilaya za kuhifadhi udongo. Hakuna kamera pale kaka. Ni vikao vya usiku watu wanabishana paa la shule linavuja pesa itoke wapi. Sasa we unaniambia huna uzoefu wa uongozi, na kamati ya maji uliyokaa miaka sita ukigombana na watu wa kijiji cha juu wanaofungulia koki usiku, hiyo ni nini?

Kilichomsukuma kuingia kwenye siasa za jimbo ni bili ya umeme. Mwaka 1997 bunge la Montana lilipitisha sheria ya kuiachia biashara ya umeme kwa soko huria, kampuni ya Montana Power iliyokua inazalisha na kusambaza umeme kwa bei inayosimamiwa ikaruhusiwa kujitoa, wakaambiwa wananchi kwamba ushindani utashusha bei. Tester hakuikubali hata kidogo hiyo sheria. Seneta wa eneo lake kwenye bunge la jimbo, ambae alikua jirani yake na ni wa chama kingine, akaamua kutogombea tena, basi 1998 Tester akagombea kupitia chama cha Democrats, akashinda. Yaani hakuamka asubuhi akasema nataka kua mheshimiwa, aliona kitu kimoja kinachomgusa yeye na kila mwenye pampu na friji, akakifuata.

Na yaliyofuata yakaonyesha hofu yake ilikua ya kweli. Kampuni ikauza mabwawa yake ya umeme 1999, ikaamua iache nishati iingie kwenye biashara ya mawasiliano ya simu na intaneti, umeme ukapanda sana 2000 mpaka 2001, mgodi wa shaba wa Butte ukasimama mwaka 2000 sababu ya hizo bei, watu wakarudishwa nyumbani. Na ile kampuni mpya ya simu ikafilisika 2003. Wazee wengi wa hapa walikua wameweka akiba ya uzeeni kwenye hisa za Montana Power maana ilionekana ni kitu cha uhakika kama mlima. Nimefanya kazi na mama mmoja wa makamo ambae baba yake alizishika hizo hisa mpaka zikawa karatasi tu, na alivyokua ananihadithia alikua anafuta meza ile ile moja, anaifuta, anaifuta, imeshakauka na bado anaifuta. Mabwawa yenyewe yalikuja kununuliwa tena na kampuni ya umeme ya hapa mwaka 2014, na anayelipa hizo gharama ni huyo huyo mteja.

Sasa nije kwenye swali lako hasa, jembe na uongozi. Bunge la Montana linakaa siku 90 tu, tena kila baada ya mwaka mmoja, miaka witiri, wanaanza Januari wanamaliza mwezi wa nne mwishoni. Ukiangalia kalenda utaelewa walioipanga walikua wakulima. Januari ardhi huku ni jiwe, theluji, hakuna mtu analima. Mwezi wa nne unaishia udongo umeanza kulegea, mbunge anapakia mabegi yake Helena, makao makuu ya jimbo, anarudi nyumbani kupanda ngano. Posho ni ndogo, huwezi kuishi kwa hiyo, kwa hiyo lazima uwe na kazi yako. Wapo walimu, wafugaji, wenye maduka, mawakili. Mi naona huo mpango una akili nyingi sana, maana anayepitisha kodi ya mafuta ya lori jumatatu, mwezi wa tano anayanunua yeye mwenyewe. Una kasoro yake pia, sikufichi, mtu wa kipato cha chini aliyeajiriwa ni nani atampa ruhusa ya miezi minne? Mkulima anaweza kwa sababu ya baridi. Na kwa sababu ya mke. Huyo mke wake, Sharla, asingekuwepo shambani hii hadithi isingekuwepo, na wewe kabla ya kuwajibu wazee kaa kwanza na shemeji, muulize yeye kabla hujaniuliza mimi.

Basi Tester akapanda polepole. Chama chake kilikua wachache, akawa mnadhimu, mwaka 2003 akawa kiongozi wa wachache, 2005 chama kikapata viti 27 kati ya 50 wakamchagua kua Rais wa Seneti ya jimbo, ndo kama spika. Mkulima wa Big Sandy, kanyoa pembeni, juu nywele zimesimama flati kama brashi, kashika nyundo ya kikao kwa ule mkono mzima. Mwaka huo alidhamini sheria ya kuzilazimisha kampuni za umeme zifikishe asilimia 15 ya umeme kutoka upepo na vyanzo vingine visivyoisha ifikapo 2015, na jina lenyewe la ile sheria lilitaja uchumi wa vijijini, maana yeye alikua anauona upepo kama zao lingine, mwenye shamba akilipwa kwa nguzo iliyosimama kwenye ardhi yake ni hela ambayo ukame hauigusi. Wabunge wa baadae waliifuta hiyo sheria 2021. Iliniuma, maana nikipita Judith Gap, kwenye mitambo ya umeme wa upepo, nikaona yale mapanga yanazunguka na chini yake ngano inaendelea kulimwa, naona kabisa alichokua anakifikiria.

Huku kuna ukomo, miaka minane tu kwenye nyumba moja ya bunge, kwa hiyo muda wake ulikua unaisha. Akaenda kugombea Seneti ya taifa 2006 dhidi ya Conrad Burns wa Republican aliyekaa vipindi vitatu. Hesabu zilienda mpaka siku ya pili, akashinda kwa kura 3,500 na kidogo, na kiti chake na kile cha Virginia ndo vilivyowapa Democrats, pamoja na wawili wasio na chama waliokaa upande wao, 51 kwa 49. Ya Washington nitayapitia haraka, magazeti yameyaandika sana. Alikua anarudi nyumbani karibu kila wikiendi, anapanda na kuvuna, anabeba nyama ya ng'ombe wake kwenye begi kwenda nayo Washington. Kitu kimoja cha huko nakithamini kweli, ilipokuja sheria kubwa ya usalama wa chakula akapigania kifungu cha kuwaondolea mzigo wakulima wadogo, wanaouza chini ya dola 500,000 kwa mwaka na wengi wa wateja wao ni wa hapo hapo jirani, ili wasibebeshwe makaratasi yale yale ya makampuni makubwa, ikasainiwa Januari 2011. Mtu ambae hajawahi kuuza mchicha mezani angewezaje kufikiria hicho kifungu?

Alishinda 2012, akashinda 2018, 2024 akashindwa na Tim Sheehy wa Republican. Trump alichukua jimbo kwa karibu pointi 20, na upepo kama huo unang'oa hata mti wenye mizizi. Nlikua macho usiku ule. Sitakuficha nililia, si kwa ajili ya chama, mi siwezi hata kupiga kura huku, nililia kwa sababu nilikua nimezoea kua kuna mtu mmoja ndani ya lile jumba ambae kucha zake zina udongo. Watu wa vijijini hasa ndo waliompa mgongo, wakulima kama yeye, na wapo walioniambia usoni kwamba Jon ni mtu safi ila chama chake hawakitaki tena. Hilo nakwambia ulijue mapema, unaweza kufanya kazi vizuri na bado ukatolewa kwa jambo ambalo halina jina lako.

Lakini kaka, alipotoka alikua na pa kurudi. Ndo maana nilitaka nikuandikie na si kukupigia. Umesema ukigombea utakodisha zile heka nne za bondeni kwa miaka mitano upate hela ya kampeni. Usifanye hivyo, nakuomba kama mdogo wako. Kodisha za juu kama lazima, za bondeni ziache mikononi mwako na shemeji, hata kama kampeni itakua ya baiskeli na kanga mbili. Mimi ntatuma kiasi mwisho wa mwezi, si kikubwa.

Alafu zile mbegu ulizosema zimeanza kuoza stoo, umezitandaza? Usizirundike tena kwenye magunia, zipate hewa. Nitumie picha nizione.

Wako daima,
mdogo wako wa Great Falls