Barua kwa somo yangu wa Newala

Mtanda, Lindi
7 Julai 2024

Somo yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu wote hapo. Sisi hatujambo. Mama miguu bado inamsumbua, ila jioni anatoka barazani. Najua huu ni wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na mnashinda mashambani, ndiyo maana sikupiga simu. Tena hili uliloniuliza la kufungua ukurasa wa habari za Newala mtandaoni linataka nafasi.

Fungua, somo. Lakini kwanza nikueleze yaliyonipata mimi mwezi wa tano, siku za kimbunga Hidaya.

Jumamosi ile usiku, upepo bado unavuma, nilitumiwa video ya basi linasombwa na maji, chini imeandikwa Kilwa. Nikairusha kwenye kundi la mtaa palepale. Jirani yangu wa nyumba ya tatu alikuwa na mwanawe njiani kutoka Dar. Asubuhi nilipopita kwake nikakuta mkeka umeshatandikwa, wanawake wamemkalia. Mwili ukaniisha nguvu. Nikaifungua ile video tena, safari hii nikaitazama kweli: mlango wa basi uko upande wa kulia. Basi gani la kwetu lina mlango kulia? Ile ilikuwa nchi nyingine kabisa, na kwangu ilikuwa imekaa usiku kucha.

Nikapiga magoti mbele ya jirani, mbele ya wale wanawake wote, nikamwambia nimekosea. Kisha nikarekodi sauti yangu nikaituma kwenye kundi lilelile, kwa jina langu. Kuifuta tu kusingetosha, maana walikuwa wameshaisambaza mpaka Nachingwea.

Redioni tulisikia tu kwamba barabara imekatika Kilwa. Nani yuko wapi, hakuna wa kutuambia. Aliyetuambia ni kijana mmoja wa bodaboda wa Somanga, kwa video aliyoirekodi mwenyewe. Alisimama kwenye ukingo wa lami iliyoliwa na maji, akataja siku na saa, akachomeka fito kuonyesha kina, kisha akatembea taratibu kando ya foleni, simu mkononi, ili kila basi lisomeke ubavuni. Hakupiga kelele wala hakuweka muziki wa huzuni. La saba au la nane hivi ndilo lilikuwa la mtoto wa jirani, abiria wamekaa kivulini wanakula mihogo. Mama yule aliirudia sehemu ile sijui mara ngapi, huku analigusa basi kwa kidole kwenye kioo cha simu.

Somo, wote wawili tulikuwa na simu tu. Lakini yeye alikuwa pale, na mimi sikuwepo.

Unakumbuka 2013, vurugu za gesi Mtwara? Tulikuwa tunaokoteza kwa meseji na vipeperushi, na habari yenyewe ilikwenda Dar kwanza ndipo ikaturudia, imeshakatwakatwa. Ndiyo maana nataka uandike wewe unayeishi hapo, ambaye ukimsema katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa uongo kesho mtakutana naye sokoni.

Anza na korosho. Kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kinyemela, anampata mkulima kwa sababu huyu ana njaa, kweli, lakini pia kwa sababu hajui mnada umeishia bei gani. Mtu anaambiwa bei imeanguka, anauza gunia usiku kwa bei ya kutupa, na kumbe kule mnadani mambo yalikuwa mazuri. Nenda mnadani mwenyewe. Andika bei ya juu, bei ya chini, kilo zilizouzwa, na makato moja moja, maana kwenye makato ndiko wakulima wanakopotea. Wiki mbili baadaye rudi uulize nani kalipwa na nani bado. Hapo ndipo wengi wanapochoka, wanapiga picha siku ya mnada kisha hawarudi tena.

Na la leseni usilipuuze. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018, leseni ilikuwa shilingi milioni 1, na milioni nyingine kila mwaka, mbali na laki 1 ya maombi. Blogu nyingi zilifungwa. Binafsi niliona ni kumfunga mdomo mtu wa kijijini, na naona hivyo hadi leo. Ada zilishushwa baadaye, kwa hiyo waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe kiwango cha sasa na kama ukurasa wako unahitaji leseni. Isome pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo: faini haipungui milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3. Nilipokisoma nilikumbuka ule mkeka.

Mnada wa kwanza wa msimu ukifanyika, nitumie ulichoandika kabla hujakirusha, nikisome kama msomaji asiyejua lolote. Ukishakirusha nitakinakili kwa kalamu ya wino mzito nikibandike dukani hapa stendi. Wateja wangu wengi wana mikorosho kule Mtama, na si wote wana simu za kupangusa.

Mama anakusalimu, anauliza ule unga wa muhogo uliomwahidi.

Somo yako,
Zuhura