Maumivu ya nyonga: jibu la barua yako

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata. Umeniuliza habari za nyonga, ukanionya nisikujibu "naendelea vizuri" kama ninavyowajibu watu wengine. Haya, nakujibu kwa kirefu, maana umeniambia na mdogo wako ameanza kulalamika maumivu ya namna hiyo hiyo.

Bado naumwa. Maumivu yanaanzia ndani kabisa ya kinena upande wa kulia, yanazunguka hadi kwenye kalio, na siku nyingine yanatanda chini ya kitovu. Kutembea hakunipi tabu sana, tabu ni kukaa. Nikikaa muda mrefu, nikiinuka hunibidi nishike meza kwanza mpaka mguu ukubali kubeba mwili. Kuvaa soksi ya kulia ni kazi. Usiku nalalia ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti, ili paja la juu lisiivute nyonga, na hapo angalau usingizi unakuja.

Lakini kilichonichosha zaidi ni majibu ya vipimo. Eksirei safi, ultrasaundi safi, damu na mkojo safi. Daktari mmoja aliniambia kwa upole kwamba sina ugonjwa, nipunguze mawazo. Nililia njia nzima, shoga yangu. Mtu unaumwa, halafu unaambiwa huumwi!

Natamani kila mwenye shida hii angeelezwa mapema kwamba eksirei inaonyesha mifupa. Misuli haionyeshi, neva haionyeshi, wala ule ukingo laini unaozunguka kikombe cha nyonga, ambao ukichanika huuma kinenani. Ultrasaundi nayo inaweza kuipita bila kuiona endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu kama za utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi, na huo si ugonjwa wa nadra: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Wengi huzungushwa kwa miaka kabla ya kuambiwa wana nini. Na eneo lenyewe la nyonga madaktari wamegawana. Wa mifupa anatazama kiungo, wa wanawake anatazama kizazi, wa mkojo anatazama kibofu, na kila mmoja akikuta kwake hakuna tatizo anakuruhusu uende.

Aliyenifungulia njia ni mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotanda chini ikibeba kibofu na kizazi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kabla ya kunigusa popote aliniomba ruhusa, na akaniambia naweza kumsimamisha wakati wowote. Alipobonyeza taratibu sehemu moja kwa ncha ya kidole, maumivu yangu yaliamka pale pale, yale yale ya kinenani. Akaniuliza, "Ni haya?" Nikasema ndiyo hayo, machozi yakanitoka, maana hatimaye kuna mtu mwingine aliyejua yalipo.

Alinieleza kwamba kuna msuli uliotanda kwenye ukuta wa ndani wa fupanyonga, ukatoka nje kwenda kujishikiza juu ya mfupa wa paja. Nyonga ikiwa na hitilafu, misuli ya ndani inaweza kukaza kuilinda, na ikikaa imekaza muda mrefu inakuwa yenyewe chanzo cha maumivu. Yale mazoezi ya kubana misuli ya huku chini, yanayosifiwa sana, kwangu yalikuwa yanazidisha maumivu. Mimi nahitaji kulegeza: nalala chali, magoti nimeyakunja, navuta pumzi mpaka tumbo linanyanyuka na huku chini kunashuka kwenyewe, kisha naitoa bila kusukuma. Nafanya hivyo asubuhi na kabla ya kulala. Sijapona, ila naweza kukaa muda mrefu kuliko zamani, na hilo si dogo.

Mwambie mdogo wako asikubali kuondoka na neno "safi" peke yake. Aulize kipimo hicho hakiwezi kuona nini. Aandike maumivu yanapoanzia, yanapoenda, kinachoyaamsha, na kama yanabadilika akiwa kwenye siku zake. Asimeze dawa za maumivu kila siku kwa kujiamulia, zinaweza kudhuru tumbo na figo. Akipata ganzi katikati ya mapaja, akashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au akipata homa pamoja na kushindwa kukanyaga, muwahisheni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje.

Nimepewa rufaa ya kupigwa MRI ya nyonga, yaani picha ya sumaku inayoonyesha na sehemu laini, kisha nitaonana na daktari mwezi ujao. Nikiwa mbele ya daktari huwa nasahau nusu ya niliyopanga kusema. Naomba twende pamoja, mimi niongee, wewe uandike. Nijibu mapema kama utapata nafasi.

Akupendaye,
Rafiki yako