OK haijatoka vitani

Mhariri,

Naomba kanafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika eti OK imetoka vitani, kwamba askari wakirudi kambini salama wanaandika ubaoni sifuri na herufi K ya killed, yaani hajauawa mtu. Hii stori nimeisikia tangu niko sekondari, na kwenye magrupu ya WhatsApp haiishi kurudi, kila mtu na vita yake, huyu anakwambia ni ile ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, yule anakwambia ya pili ya dunia. Tamu kweli, ila miaka inaikataa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani ilianza 1861, na OK ilishatoka gazetini Boston tarehe 23 Machi 1839, sasa hapo askari waliianzisha lini?

Ukweli ni kwamba huu ni utani wa wanahabari wenzako. Miaka ile Boston kulikuwa na fasheni ya vifupisho, halafu ili kunogesha wanakosea tahajia makusudi ndo wanachukua herufi za mwanzo. All right wakaifanya oll wright, ikawa O.W. All correct, yaani yote sahihi, ikawa oll korrect, ndo O.K. hiyo, ikachapishwa na Boston Morning Post kwenye kijihabari cha kulichokoza gazeti la mji wa Providence. Uhondo wenyewe ni kwamba neno linadai yote sahihi na herufi zote mbili ni za makosa! Na sisi huku tunawagombeza watoto wakiandika xaxa na cjui kwenye simu, eti wanaharibu lugha.

Vifupisho vingi vya namna hiyo vilikufa, OK ikabebwa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren anagombea tena, kazaliwa Kinderhook jimbo la New York, basi wafuasi wakamwita Old Kinderhook, mzee wa Kinderhook, wakafungua na klabu za O.K. Wapinzani nao hawakulala, wakaeneza kwamba Andrew Jackson, aliyemtangulia Van Buren ikulu, hajui kuandika na ndo alikuwa anaandika OK kwenye mafaili akidhani kapatia. Van Buren akabwagwa na William Henry Harrison, neno likabaki mtaani.

Haya yote alikuja kuyapekua profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Allen Walker Read, akipitia magazeti ya zamani, akayachapisha 1963 na 1964. Kabla ya hapo hata wakubwa walikuwa na yao, Rais Woodrow Wilson aliandika okeh akiamini ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani. Wapo pia wanaosema limetoka Afrika Magharibi kwa Wawolofu likaenda na watumwa, na mimi kama Mwafrika ningeipenda sana hiyo, ila anayeishikilia aje na karatasi ya kabla ya Machi 1839 inayoonyesha hivyo, sio maneno tu.

Msomaji wako,
Morogoro