Mwambie Baba Mdogo, marehemu alisema kweli

Den Haag, Januari

Kaka Salumu,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ipo, baridi ndiyo hiyo hiyo. Hela ya mabati nimetuma jana. Mpe Mama mkononi, isipite kwa mtu. Ada ya Zuhura ningojeeni mwisho wa mwezi.

Kilichonishikisha kalamu ni maneno ya Baba Mdogo kwenye hitima ya Baba. Eti marehemu alizeeka anabishania vitwitwi, vile vindege vya ufukoni, na baraza zima likacheka! Yameniuma, kaka. Baba kavua Kunduchi maisha yake yote, na siku zote alisema ni ndege wa aina mbili: mweupe wa mchangani, na wa topeni mwenye mdomo kama sindano ya gunia. Baba Mdogo kashikilia kuwa ni dume na jike.

Sasa sikiliza. Agosti nilikubaliwa kwenye kikundi kinachotega nyavu usiku ufukoni ili kuwavisha ndege pete za alama miguuni. Mwafrika ni mimi peke yangu, na siku hizi wananiachia nishike mwenyewe. Usiku mmoja tukanasa wote wawili. Mguu wa yule mweupe niliumulika kwa tochi: vidole vitatu vya mbele, nyuma hakuna kitu. Mwenzake anacho cha nne nyuma, kidogo kama punje ya mchele, na mdomo mrefu umeinama nchani. Kila mmoja ana dume na jike lake. Waholanzi wamewaita hivyo hivyo: drieteenstrandloper, mkimbia ufukoni wa vidole vitatu, na krombekstrandloper, wa mdomo uliopinda. Ukoo mmoja, ndege wawili. Usiku ule nilitamani Baba awe hai nimpigie.

Wote huzaliana huko karibu na Ncha ya Kaskazini. Wa topeni ni Siberia tu. Huku yeye hupita njia, Oktoba ikiisha humwoni, kashuka Afrika, yuko kwenu Msimbazi. Weupe wengine hushuka, wengine hubaki huku na baridi yote. Leo asubuhi nimewakuta Scheveningen, ufuko wa hapa Den Haag: wimbi likirudi wanalifuata, likija wanakimbia, miguu huioni kwa kasi. Nikajiona niko Kunduchi na kapu la Baba kichwani. Nimesimama pale hadi mikono ikafa ganzi.

Naomba kitu kimoja. Maji yakitoka, mchukue Baba Mdogo mkaangalie nyayo za yule mweupe kwenye mchanga mbichi. Ahesabu vidole mwenyewe. Halafu akaseme barazani, mbele ya wale wale waliocheka.

Mama mbusu mkono kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Hamisi