Kikao cha Jumamosi na kete za peke yake

Wadau, habari za jioni. Bakgamoni ya Jumamosi ni palepale Area C, saa 10 jioni. Wenye mabodi njooni nayo, na vikombe vya kurushia dadu msisahau. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe.

Naona wengi bado tunakimbiza kete kama tunacheza ludo. Bakgamoni unajenga kwanza. Ukifungua mchezo na dadu za 3-1 usiumize kichwa: shusha kete moja kutoka pointi (pembetatu ya kwenye bodi) ya 8, nyingine kutoka ya 6, ufunge pointi yako ya 5.

Halafu hii tabia ya kuacha kete moja peke yake kwenye pointi, popote. Mpinzani akiwa hatua 6 kutoka kwako na njia iko wazi, ana marusho 17 kati ya 36 ya kukupiga. Ikiwa hatua 7, yanabaki 6 tu: 6-1, 5-2 na 4-3, kila moja mara mbili. Na kama lazima ukae karibu, bora hatua 1 (marusho 11). Kwenye kete hizo za peke yake ndipo watu wanapoliwa, siyo hiyo bahati mbaya mnayoilalamikia kila wiki.

Aliyeondoka na dadu nyekundu azirudishe.