Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Mwenye Homa Aulizwe Ametoka Wapi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, na hasa kuhusu wale wanaoingia nayo mjini kutoka safarini bila wao wenyewe kujua.

Kazi yangu ni kuandaa safari za umra na za biashara. Wateja wangu hupitia Jidda, ambako dengi imekuwa ikiripotiwa tangu miaka ya 1990, na wengine huvuka Lungalunga kwa basi kwenda Dar es Salaam, jiji lililokumbwa na mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Tangu mtu aumwe na mbu mwenye virusi, dalili kwa kawaida huchukua siku 4 hadi 10 kujitokeza, kwa hivyo msafiri hupita uwanja wa ndege au mpakani akiwa mzima kabisa, akagawa zawadi, ndipo homa ikampanda akiwa kwake Majengo au Likoni. Kipimajoto cha uwanjani, kwa maoni yangu, humkamata tu yule ambaye tayari anaumwa.

Akifika zahanati hupimwa malaria, na ni sawa apimwe. Tatizo ni kwamba malaria isipoonekana, mara nyingi uchunguzi huishia hapo, naye hurudi nyumbani na dawa yoyote ya maumivu, ilhali aspirini na ibuprofeni huweza kuzidisha kutoka damu kwa mgonjwa wa dengi, na iliyo salama kwake ni parasetamoli kwa kipimo chake. Isitoshe, hatari kubwa huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Jamaa humshukuru Mungu kwamba mgonjwa amepoa, kumbe hizo ndizo saa za kumwangalia kwa makini: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu.

Virusi hivi viko aina nne. Aliyeugua aina moja hujikinga nayo maisha yake yote, lakini akipatwa na nyingine baadaye, uwezekano wa kuugua vibaya huongezeka. Mombasa imepata milipuko mwaka 2013, 2017 na 2021, na kwa hivyo wako wengi miongoni mwetu ambao aina mpya ikiletwa na msafiri mmoja itawakuta katika hali hiyo.

Msafiri anayerudi Oslo na dengi huugua peke yake, kwa kuwa mbu wa kuieneza hayuko kule. Hapa yuko, tena ndani ya nyumba. Mabomba yetu hukauka, nasi tunahifadhi maji katika mapipa na madebe. Simlaumu mama wa nyumba kwa hilo. Ila mayai ya mbu huyu hugandamana na kuta za pipa na huweza kudumu miezi hata pakikauka, hivyo kumwaga maji hakutoshi pasipo kusugua.

Naomba basi kila mwenye homa aulizwe alikokuwa katika siku 14 zilizopita, na zahanati za kaunti ziwe na kipimo cha haraka cha dengi, kinachofaa zaidi siku 5 za mwanzo, badala ya watu kutumwa kulipia maabara za kibinafsi. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu huyu huuma mchana, na ndiye atakayechukua virusi kwake na kuvipeleka kwa jirani. Wahudumu wa afya ya jamii nao wafike nyumba hiyo na za jirani kukagua mapipa siku ileile, si baada ya wiki.

Kwa upande wangu niko tayari kumpa kila msafiri kadi yenye tarehe na miji aliyopitia, aionyeshe akiugua. Ninachohitaji ni ofisi yako iidhinishe maelezo yatakayoandikwa humo, kabla ya msimu ujao wa umra.

Wako mwaminifu,
Mwandalizi wa safari, Mombasa