Asante, kaka wa kofia ya njano

Kaka, sikukuuliza jina. Jumanne ile pale Tanga nilifika getini nimechelewa, mabati ya upande mmoja wa ukumbi wa shule yetu ya msingi yameshashushwa. Ulikuwa na kazi ya kumaliza na bosi wa kumjibu. Bado ukawaambia wenzako wapumzike kidogo, ukanivisha kofia yako, ukaniingiza.

Humo ndani ndimo tulimokusanywa Oktoba 1999 kuambiwa Mwalimu Nyerere amefariki. Nilikuwa darasa la kwanza. Sikuelewa, nililia kwa sababu mwalimu wetu alilia. Mwaka 2002, ada ilipofutwa na watoto wakafurika, ukumbi ukagawanywa kwa mbao nyembamba ukawa madarasa matatu. Tukiimba jedwali la saba, wa upande wa pili wanaimba la tisa, na wote tunakosea. Mvua ikinyesha juu ya yale mabati, mwalimu anaweka chaki chini, tunasubiri.

Nilikuonyesha ubao wa jukwaani tulipochonga majina kwa msumari, mimi na rafiki yangu ambaye sasa ni marehemu. Hukusema kitu. Ulichukua nyundo, ukaubandua taratibu usipasuke, ukaufunga kwa gunia, ukanibebea mpaka kwenye bodaboda. Soda niliyotaka kukununulia uliikataa.

Ubao huo nimempelekea mama yake. Ameuweka sebuleni, chini ya picha ya mwanawe, na kila siku anakuombea dua wewe asiyekujua. Ahsante sana, kaka yangu.